Samaki wa Mapambo Aina ya Koi: Mjue Kabla ya Kumnunua

Kidimbwi chenye samaki wa rangi huvutia wageni hotelini na hupendezesha bustani ya nyumbani. Kwa anayezalisha na kuuza vifaranga, ni njia ya kujipatia riziki. Miongoni mwa samaki wa mapambo wanaofugwa nje, koi ndiye mwenye sifa kubwa zaidi. Ni mkubwa, mtulivu, humzoea anayemlisha, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 25.

Hata hivyo, koi si pambo tu. Kwa sisi wakazi wa Kaunti ya Nakuru, namna koi anavyonunuliwa na kutunzwa inahusu pia riziki ya wavuvi wa Ziwa Naivasha. Makala haya yanaeleza aina kuu za koi, namna ya kumnunua kwa mzalishaji anayeijua kazi yake, na tahadhari ambazo kila mwenye kidimbwi anapaswa kuchukua.

KOI NI SAMAKI GANI?

Koi ni kapi mwenye rangi. Ni wa ukoo mmoja na kapi wanaovuliwa Ziwa Naivasha na kuuzwa katika fuo za Karagita, Kamere na kwingineko. Wawili hao wanaweza kuzaana, na wanapatwa na magonjwa yale yale. Jambo hili ndilo msingi wa yote yanayofuata.

Asili ya koi ni milima ya mkoa wa Niigata nchini Japani, katika sehemu za Yamakoshi na Ojiya. Wakulima wa mpunga huko walifuga kapi weusi kama kitoweo. Mwanzoni mwa karne ya 19, baadhi ya vifaranga walianza kutokea wakiwa na madoa mekundu na meupe. Wakulima wakawatenga na kuwazalisha, kizazi baada ya kizazi, mpaka rangi zikaimarika. Mwaka 1914 samaki hao walipelekwa kwenye maonyesho makubwa jijini Tokyo, na tangu hapo sifa zao zikaenea nchi nzima na baadaye duniani. Ndiyo sababu majina ya aina za koi bado ni ya Kijapani, hata muuzaji awe Nairobi au Sagana.

AINA UTAKAZOKUTANA NAZO

Kuna aina nyingi za koi, lakini mnunuzi anayeanza akizijua hizi chache hatababaishwa kwa urahisi.

Kohaku: Mwili mweupe wenye mabaka mekundu. Ndiye anayehesabiwa kuwa msingi wa koi wote. Mweupe wake uwe safi, usio na umanjano, na kingo za mabaka mekundu zionekane wazi.

Taisho Sanke: Mweupe mwenye mabaka mekundu na madoa madogo meusi. Kwa kawaida weusi hauonekani kichwani.

Showa: Ana rangi tatu kama Sanke, ila yeye ni mweusi mwenye mabaka mekundu na meupe. Weusi wake hupanda hadi kichwani na hupita chini ya mbavu. Hii ndiyo njia rahisi ya kuwatofautisha wawili hao.

Utsuri: Mweusi mwenye rangi moja nyingine, yaani nyeupe, nyekundu au manjano.

Asagi: Mgongo wa samawati wenye magamba yaliyopangika kama wavu, na wekundu ubavuni na tumboni. Ni miongoni mwa aina za zamani zaidi.

Ogon: Rangi moja inayong'aa kama madini, mara nyingi dhahabu au fedha. Huonekana vizuri hata maji yakiwa na ukijani kidogo, kwa hiyo anafaa vidimbwi vya bustani.

Chagoi: Rangi ya chai. Hana urembo mwingi, lakini hukua haraka na ni mpole kuliko wengine. Mara nyingi ndiye wa kwanza kuja kula mkononi, na wenzake humfuata.

Tancho si aina inayojitegemea. Ni jina la koi yeyote mwenye doa moja jekundu juu ya kichwa, bila wekundu mwingine mwilini.

Wapo pia koi wenye mapezi marefu yanayopepea. Wafugaji wengi wa Japani hawawahesabu katika maonyesho yao, lakini mwenye bustani anaweza kuwapenda kwa uzuri wao. Muhimu ni kujua unachonunua, ili usilipe bei ya aina moja ukapewa nyingine.

KWA NINI BEI ZINATOFAUTIANA?

Koi jike mkubwa anaweza kutaga mayai zaidi ya laki moja kwa mara moja. Hata hivyo, wazazi wawili wazuri hawazai watoto wanaofanana nao. Wengi huzaliwa bila rangi ya maana, na baadhi huwa na mapezi au midomo iliyopinda. Mzalishaji makini huwachambua vifaranga mara kadhaa katika miezi ya kwanza, akabakiza wachache tu. Bei ya koi ni malipo ya kazi hiyo ya uchambuzi, pamoja na chakula, maji safi na muda wa kumlea.

Unapomwangalia samaki, anza na umbo la mwili. Mtazame kutoka juu: awe amenyooka kama mtumbwi, mnene mabegani na mwembamba kuelekea mkia, pande zote mbili zikilingana. Kisha angalia ngozi: iwe na mng'ao. Mpangilio wa mabaka uwe wa mwisho. Wanunuzi wengi huanza na mabaka, na hapo ndipo hukosea, kwa maana rangi hubadilika samaki anapokua. Wekundu wa kifaranga unaweza kufifia, na weusi wa Showa mchanga unaweza kujificha kisha ukajitokeza baada ya miaka kadhaa. Muuzaji anayekuahidi kwamba kifaranga cha sentimita 8 kitabaki kilivyo hadi ukubwani anakupa ahadi asiyoweza kuitimiza.

MNUNUE KWA NANI, NA UULIZE NINI?

Samaki wa rangi huuzwa pia na wachuuzi wanaowakusanya kutoka sehemu nyingi na kuwaweka katika chombo kimoja. Bei yaweza kuwa nafuu, lakini hakuna anayejua samaki hao walikutana na nani njiani. Mzalishaji wa koi ana vidimbwi vyake, wazazi wa samaki wake na kumbukumbu. Mtembelee kabla ya kununua, na umuulize maswali haya:

1. Je, vifaranga hawa umewazalisha mwenyewe? Naweza kuwaona wazazi?
2. Wana umri gani, na wamekuwa wakila nini?
3. Ni lini mara ya mwisho ulipoleta samaki kutoka nje, na ulimtenga kwa muda gani?
4. Kama walitoka nchi nyingine, kibali cha kuwaingiza na cheti cha afya viko wapi?
5. Je, miezi ya karibuni umepata vifo vya ghafla?
6. Samaki akifa siku chache baada ya kumchukua, tunaelewana vipi?

Mzalishaji mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Kuingiza samaki hai nchini kunahitaji kibali, na usimamizi wake uko chini ya serikali ya kitaifa kupitia Huduma ya Uvuvi ya Kenya. Koi asiye na karatasi anaweza kukugharimu kidimbwi kizima.

Usiondoke bila kutazama maji. Samaki waogelee pamoja bila kujikuna kwenye kuta, mapezi yawe wazi, macho yasiwe yamezama. Ukiona hata mmoja anahema juu ya maji, amelala ubavuni au ana vidonda, usinunue hata yule anayeonekana mzima, kwa sababu wamekunywa maji mamoja.

TAYARISHA MAJI KWANZA

Koi hafai tanki la kioo la sebuleni. Akikomaa hufikia sentimita 60 au zaidi. Kidimbwi kiwe na kina cha angalau mita 1, na ukadirie lita 1,000 za maji kwa kila samaki mkubwa. Panahitajika chujio na pampu ya hewa, kwa kuwa kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia inayoua. Sehemu kubwa ya kaunti yetu iko nyanda za juu, na maji ya nyanda za juu hushika oksijeni kidogo kuliko ya pwani. Kwa hiyo usijaze samaki kupita kiasi.

Maji ya mfereji yenye klorini huunguza matamvua, yaani sehemu za kupumulia za samaki. Yaache kwenye chombo wazi siku moja au mbili yakipulizwa hewa, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Funika kidimbwi kwa wavu ikiwa eneo lako lina ndege walao samaki.

Samaki husafirishwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kiasi na oksijeni nyingi, ukiwekwa ndani ya boksi lenye giza. Ukifika nyumbani, elekeza mfuko juu ya maji kwa takriban dakika 20 ili joto lilingane. Kisha mtoe samaki kwa wavu. Maji ya mfuko usiyamwage kidimbwini.

KARANTINI: WIKI NNE ZINAZOOKOA MENGI

Usimtie koi mgeni moja kwa moja pamoja na wenyeji. Mweke katika tanki lake kwa angalau wiki 4, likiwa na chujio lake, wavu wake na ndoo yake. Walishe wenyeji kwanza, wageni baadaye, na unawe mikono.

Sababu kubwa ni ugonjwa unaosababishwa na virusi vya herpesi vya koi. Uligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na ukaenea katika nchi nyingi kupitia biashara ya samaki hai. Mwaka 2003 ulizuka Japani kwenyewe na kuua kapi wengi waliofugwa katika Ziwa Kasumigaura. Hauwapati binadamu, lakini kwa koi na kapi unaweza kuua 80 hadi 100 kati ya kila 100. Hauna dawa. Samaki anayepona anaweza kubaki na virusi mwilini na kuwaambukiza wengine, huku kwa macho akionekana mzima.

Dalili zake ni matamvua yenye mabaka meupe au ya kahawia, macho yaliyozama, ngozi iliyopauka na kuhema juu ya maji. Vifo hufuata ndani ya siku moja au mbili. Ugonjwa hujitokeza maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28 za selsiasi. Wakazi wa Naivasha, Gilgil na mji wa Nakuru wanajua kwamba maji yetu huwa katika kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Nchi zenye baridi kali hupata miezi ya nafuu, lakini kwetu virusi hivyo vikiingia havitapata majira ya kuvizuia.

ZIWA NAIVASHA LINAHUSIKAJE?

Kapi hawakuwa wenyeji wa Ziwa Naivasha. Walianza kunaswa humo mwaka 2001, na inaaminika kwamba walisombwa na mafuriko kutoka vidimbwi vya kufugia samaki kandokando ya mto Malewa. Katika miaka michache tu wakawa sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa. Leo familia za wavuvi, akina mama wanaokaanga na kuuza samaki, na wachuuzi wa Naivasha na Nakuru wanawategemea.

Historia hiyo inatufundisha kwamba kilichomo kidimbwini kinaweza kufika ziwani bila mtu kukusudia. Koi mmoja mgonjwa akiachiliwa katika mto Malewa, mto Gilgil au mtaro unaoelekea ziwani, anaweza kupeleka virusi kwa ndugu zake kapi. Kidimbwi kinaweza kukaushwa na kusafishwa kwa dawa. Ziwa haliwezi.

Kwa hiyo, tafadhali zingatia haya:

• Usimwachilie koi mtoni, bwawani au ziwani, hata akiwa amezidi ukubwa au umechoka kumfuga. Kutia samaki katika maji ya umma hakuruhusiwi bila kibali. Mrudishe kwa mzalishaji au mpe mfugaji mwingine.
• Jenga kidimbwi mbali na mkondo wa mafuriko, na uweke wavu wenye matundu madogo kwenye njia ya kutolea maji.
• Maji ya kidimbwi yamwagie bustani, si mtoni.
• Samaki waliokufa wazikwe mbali na maji, kisha wavu na ndoo visafishwe na kukaushwa juani.

UKIONA VIFO, TOA HABARI MAPEMA

Koi wawili au watatu wakifa kwa pamoja bila sababu inayoeleweka, usiuze wala usigawe waliobaki, na usiazime vifaa. Andika tarehe uliyowanunua, ulikowanunua na dalili ulizoziona, kisha umwarifu afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yako siku hiyo hiyo. Chini ya Katiba ya 2010, uvuvi na udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, kwa hiyo hapo ndipo mahali pa kuanzia.

Usinyamaze kwa kuhofia kupata hasara. Mwenye kidimbwi anayetoa habari mapema hupoteza samaki wake wachache, lakini anaweza kuokoa vidimbwi vya majirani na nyavu za wavuvi wa Naivasha.