Kabla ya kunakili ramani, uliza ni ya nani

Kamati ya maji inapoandaa ombi la kisima kipya, itahitaji ramani: visima vilivyopo viko wapi, na wakaazi wanatembea umbali gani kuvifikia? Kijana wa kamati hufungua simu, akanakili alama za Google Maps moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye jedwali, na kufikia jioni kazi imekwisha. Shida huanza ramani hiyo inapochapishwa kwa jina la kamati.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inalinda ramani kama kazi ya sanaa. Majedwali na mikusanyo ya data inalindwa pia. Kwamba zahanati iko kando ya barabara fulani ni ukweli tu, na ukweli hauna mwenyewe. Lakini mchoro unaoonyesha zahanati hiyo, au orodha ya zahanati zote ambayo mtu ametoa jasho kuikusanya, ina mwenyewe. Kubadilisha rangi na maandishi hakuifanyi kuwa yako.

Wakubwa nao hunaswa. Mwaka wa 2001 shirika la AA la Uingereza, linalohudumia wenye magari, lilikubali kulipa pauni milioni 20 kwa Ordnance Survey, idara ya upimaji ya serikali, kwa kunakili ramani zake.

Kumtumia mwenzako kiungo cha Google Maps hakuna ubaya. Masharti yake yanakataza kuitumia kutengeneza data nyingine ya ramani, na ndivyo kijana wetu alivyofanya. Ramani za Survey of Kenya pia zina hakimiliki. Kununua nakala si ruhusa ya kuichapisha upya. Najua swali linalofuata: si zimelipiwa na kodi yetu? Ndiyo, lakini kazi za serikali nazo zinalindwa kisheria, kwa hivyo omba ruhusa.

Njia rahisi ipo. OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka wa 2004, ni ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, na leseni yake inakuruhusu kuitumia hata kibiashara. Sharti ni uandike wazi kwamba data imetoka OpenStreetMap na wachangiaji wake. Ukiirekebisha data yenyewe na kuitoa kwa umma, itoe kwa leseni hiyo hiyo. Usiingize humo alama ulizonakili Google. Utakuwa umehamisha tatizo tu.

Kibera ilikuwa karibu pengo tupu kwenye ramani za umma hadi mwaka wa 2009, vijana wa mtaa, kupitia mradi wa Map Kibera, walipotembea na vifaa vya GPS wakiandika vituo vya maji, vyoo na zahanati. Hawakunakili kwa mtu. Kamati ya kijiji inaweza kufanya vivyo hivyo kwa simu ya kawaida yenye GPS: simama penye kisima, rekodi mahali, andika tarehe. Mkubaliane mapema, kwa maandishi, data itakuwa ya kikundi au ya aliyeikusanya.

Mkilazimika kutumia ramani ya mtu, ombeni ruhusa kwa barua, na mkiwa na shaka ulizeni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO). Jibu lihifadhiwe kwenye faili ya kamati, si kwenye simu ya katibu. Makatibu hubadilika.