Kutoka Tabora hadi Saanane: Hifadhi Ndogo Mlangoni mwa Jiji la Mwanza

Mwananchi wa Tabora anayetaka kuona wanyamapori katikati ya maji hana haja ya kwenda hadi pwani. Katika ghuba ya Mwanza, karibu kabisa na katikati ya jiji, ipo Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, inayosimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Ina ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 tu, na ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini.

Njia ya kwenda huko ni ya kale. Katika karne ya 19, Tabora, iliyojulikana kwa wasafiri wa wakati huo kwa jina la Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Mmoja wa misafara hiyo uliondoka Kazeh kuelekea kaskazini tarehe 9 Julai, 1858, ukiongozwa na Mwingereza John Hanning Speke, huku mwenzake Richard Burton akibaki mjini. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mkalimani ambaye bila yeye Speke asingeweza kuzungumza na wenyeji. Tarehe 3 Agosti, yaani baada ya siku 25, waliliona ziwa na visiwa vyake kutoka kwenye kilima jirani na Mwanza ya leo. Habari zake Speke alikuwa amekwisha kuzisikia kwa wafanyabiashara wa Kiarabu wa Kazeh, na kwa wenyeji wa kandokando yake halikuwa na ugeni wowote.

Leo safari hiyo hufanyika kwa barabara ya lami kupitia Nzega na Shinyanga, au kwa reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928.

Kisiwa kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mmiliki wake. Mwaka 1964 kiligeuzwa kuwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na wanyama kadhaa wakaletwa kutoka maeneo mengine. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa.

Udogo wa hifadhi hii usimdanganye mgeni. Inajumuisha visiwa vitatu pamoja na maji yanayovizunguka, na sehemu kubwa ya eneo lake ni hayo maji. Ndiyo maana uvuvi hauruhusiwi ndani ya mipaka yake: maji ya kina kifupi na mapango ya mawe ni mazalia ya samaki, hasa sato. Samaki hawajui mpaka. Wanaokulia hapo hutoka na kuingia katika maji ambamo wavuvi wa Mwanza wanapata riziki. Mvuvi anayetupa wavu usiku ndani ya hifadhi anavua samaki ambao kesho angewakuta nje yake, wakiwa wakubwa zaidi.

Nchi kavu, mgeni huwakuta swala pala, pimbi wanaoota jua juu ya mawe, kenge, tumbili na kima aina ya De Brazza, ambaye si rahisi kumwona kwingine nchini. Mamba nao wapo, hivyo kuogelea bila idhini ya askari wa uhifadhi ni hatari. Kutoka juu ya miamba, jiji lote huonekana ng'ambo pamoja na vilima vyake vya mawe.

Mgeni hupanda boti katika gati la hifadhi lililopo Capri Point, na safari huchukua dakika chache. Ni lazima kuvaa jaketi okozi, hata kama maji yametulia na upande wa pili unaonekana. Upepo wa ziwa hubadilika ghafla. Kiingilio cha Mtanzania ni cha chini kuliko cha mgeni wa nje, kwa hiyo ni vyema kubeba kitambulisho. Familia zinazobeba chakula zikumbuke kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni, 2019, na kwamba tumbili hawaombi: mkoba ulioachwa wazi juu ya jiwe huondoka nao.