Gari la mizigo mlimani: Chagua pedi za breki kwa joto, si kwa bei

MKULIMA au mfanyabiashara mwenye pikapu moja huitumia kwa kazi mbili zisizofanana. Siku nyingi huzunguka nayo mjini ikiwa tupu au na mzigo mdogo. Siku ya mavuno huipakia kabichi, viazi au nyanya mpaka juu, kisha huteremka nayo mlimani kwenda sokoni.

Pedi za breki zinazofaa kwa kazi ya kwanza zinaweza kushindwa kabisa katika kazi ya pili. Tofauti kubwa iko kwenye joto.

Chukua mfano wa barabara ya Lushoto hadi Mombo, mkoani Tanga, inayopitisha mboga na matunda kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Ni kilometa 33 hivi za kona na mteremko, na gari hushuka kimo cha takriban mita 1,000.

Gari lenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo, likishuka kimo hicho, hutoa nguvu inayoweza kuchemsha maji yaliyojaa madebe manne ya lita 20. Sehemu ya nguvu hiyo humezwa na injini, matairi na upepo. Inayobaki yote hugeuka joto kwenye breki, na breki za mbele ndizo hubeba sehemu kubwa.

Aina za pedi

Pedi laini, zenye chuma kidogo au zisizo nacho, hazipigi kelele, hazili diski haraka na hushika vizuri hata zikiwa baridi. Zinafaa kwa mjini. Zikipata joto kali, nyingi hupoteza nguvu ya kushika na huisha upesi.

Pedi zenye mchanganyiko wa chuma huvumilia joto zaidi. Kasoro zake ni kelele, vumbi jeusi na kula diski. Kwa anayeshusha mzigo mlimani mara kwa mara, hizi ndizo zinazomfaa zaidi.

Pedi za seramiki hazina vumbi jingi wala kelele na hudumu, lakini bei yake iko juu, na nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya magari madogo ya abiria.

Zipo pia pedi za magari ya mashindano. Mtu asidhani kuwa zikifaa kwenye mashindano zitafaa kila mahali. Nyingi hazishiki vizuri mpaka zipate moto, hivyo asubuhi ya baridi, mtoto akikatiza barabara, gari huchelewa kusimama.

Soma herufi ubavuni

Pedi nyingi huandikwa herufi mbili ubavuni, kama EE, FE, FF au GG. Herufi ya kwanza huonyesha nguvu ya kushika katika joto la kawaida, na ya pili katika joto kali. E ni ndogo kuliko F, na F ni ndogo kuliko G.

Pedi yenye FE hupungua nguvu inapopata moto. Yenye FF hubaki katika kiwango kilekile, na ni bora kwa mwenye kazi ya mlimani. Hata hivyo, herufi hizo hazielezi pedi itadumu muda gani.

Alama nyingine ni herufi E ndani ya duara pamoja na maandishi 90R. Maana yake ni kwamba pedi imepita kipimo cha kimataifa cha pedi za kubadilishia. Kwa kuwa alama huweza kughushiwa, kagua pia kama pedi ina nyufa au inabanduka kwenye bamba lake, na linganisha namba ya spea na ile ya pedi ya zamani.

Pedi peke yake haitoshi

Ukikanyaga breki ikawa ngumu lakini gari halishiki, pedi zimezidiwa na joto. Ikizama mpaka chini, huenda mafuta ya breki yamechemka.

Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka katika nyuzi zisizopungua 205 za sentigredi, na DOT 4 nyuzi 230. Yakishavuta unyevu, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140 na 155. Kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kwa aina iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari.

Badilisha pedi za magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, kabla unene haujapungua chini ya milimita 3. Mwambie fundi aangalie diski, na asisahau brekishuu za nyuma. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa mashine, kwani baadhi ya pedi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani.

Pedi mpya zizoeshwe kwanza. Kwenye barabara tambarare isiyo na magari, punguza mwendo taratibu kutoka kilometa 50 hadi 10 kwa saa, mara kama kumi, ukiziachia nafasi ya kupoa. Usishuke mlima na mzigo siku ya kwanza.

Mwisho, hakuna pedi inayomwokoa dereva anayetoa gea mteremkoni ili kuokoa mafuta. Ingiza gea ndogo kabla mteremko haujaanza, injini ishike gari. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha achia zipoe, badala ya kuweka mguu juu yake njia nzima. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama na usubiri. Kabichi zinaweza kuchelewa sokoni saa moja na bado zikauzika.