Nzi Mkavu: Adabu za Wavuvi wa Hampshire

Vilima vya Hampshire, kusini mwa Uingereza, ni vya chaki. Mvua ikinyesha hunywewa na ardhi, ikakaa humo miezi, kisha ikatoka kwenye chemchemi ikiwa imechujwa, na ubaridi wake ni wa nyuzi 10 au 11 za Selsiasi, iwe majira ya theluji au ya jua. Mito inayozaliwa hivyo, yenye sifa zaidi ikiwa Test na Itchen, ina maji maangavu ajabu. Mtu akisimama ukingoni humwona trauti juu ya changarawe, pua imeelekea yanakotoka maji, mkia unapungapunga. Trauti naye humwona mtu. Mila yote imeanzia hapo. Mvuvi wa huko habahatishi kwenye maji ya giza. Anamwendea samaki mmoja anayejua alipo, na wenzake wameshakubaliana njia zipi za kumpata ni za heshima na zipi ni za aibu.

Njia ya heshima ni nzi mkavu: ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi hata ikafanana na mdudu, ikaelea juu ya maji pasipo kuzama. Sharti la jadi ni kwamba hutupi mshipi mpaka samaki ameibuka kula mdudu wa kweli. Ukimwona, unanyemelea kutoka nyuma yake, unatupa mbele ya pua yake, na unauacha mkondo umletee chakula. Mshipi ukivutwa na maji, nzi huburuzwa na kuacha mfuo nyuma yake, na trauti mzima hukimbia. Sehemu nyingi haziruhusu mtu kuingia majini. Samaki asipoibuka, mvuvi anakaa kwenye benchi la ukingoni na kungoja, hata kama ni mpaka jioni.

Nisifiche kwamba hii ni mila ya wenye nafasi. Houghton Club, iliyoanzishwa 1822 katika mji mdogo wa Stockbridge, ina wanachama wachache, na uanachama wenyewe ni wa kualikwa. Kwa asiyealikwa, siku moja kwenye sehemu nzuri ya Test huweza kugharimu mamia ya pauni, na samaki mwenyewe siku hizi mara nyingi hurudishwa mtoni.

Bei hupanda zaidi anapotoka mdudu wa Mei. Mdudu huyu, *Ephemera danica*, huishi kama tunutu ndani ya matope ya mto kwa miaka kama miwili. Mwishoni mwa Mei hupanda juu, huvua gamba, huruka hadi vichakani, huvua gamba tena, kisha hujamiiana hewani. Hali chochote, maana mdomo wa kulia hana. Jike hutaga juu ya maji na kuanguka papo hapo, mbawa wazi. Trauti wakubwa, wajanja wa mwaka mzima, huingiwa na ulafi na kusahau tahadhari. Wenyeji huziita siku hizo wiki mbili za mbumbumbu, kwa kuwa hata asiyejua kutupa mshipi hupata kitu.

Zikipita, kuchagua nzi kunakuwa kazi kweli. Mvuvi makini huanza kwenye utando wa buibui darajani: walionaswa usiku ndio wanaotoka mtoni wiki hiyo. Kisha huangalia samaki anavyokula. Akinyonya polepole na kuacha duara dogo, huenda anaokota wadudu waliokwisha taga na kufa. Akirusha maji kwa kishindo, huenda anamfukuza mdudu anayeruka. Mimi namwamini anayeanza na ukubwa (namba za ndoana huenda kinyume, 20 ni ndogo kuliko 14), akaja namna nzi anavyokaa juu ya maji, rangi ikawa mwisho. Hoja yangu ni Adams, nzi wa kijivu aliyefungwa na Len Halladay wa Michigan mwaka 1922. Hafanani sawasawa na mdudu yeyote, na trauti wa Marekani na wa Uingereza wanamla vilevile.

Frederic Halford asingekubali. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa London aliyeiacha biashara na kujitoa kwa mto. Pamoja na rafiki yake George Selwyn Marryat alikusanya wadudu, akawachunguza, akatoa vitabu mwaka 1886 na 1889 ambavyo wafuasi wake walivishika kama sheria. Kila mdudu alitaka awe na nzi wake, tena dume mbali na jike mbali. Katika kitabu chake cha 1910 aliorodhesha 33.

Kufunga nzi hao kuna ustadi na siri zake. Kinachomwelesha nzi ni nyoya gumu la shingo ya jogoo, lililozungushwa kwenye ndoana mpaka nyuzinyuzi zake zikasimama pande zote. Yuko nzi mmoja, Tup's Indispensable, wa R. S. Austin wa Devon, ambaye mwili wake uliwashinda watu kuiga kwa miaka mingi. Siri ilikuwa sufu ya korodani za kondoo dume. Kwa jamii iliyojaa adabu namna ile, naona siri hiyo ilifichwa kwa sababu zaidi ya biashara.

Leo nzi wengi wanaouzwa Uingereza wamefungwa Kenya, katika karakana ambazo mafundi hurudia umbo lilelile kwa mkono kutwa nzima. Trauti wenyewe walifika Kenya 1905, Ewart Grogan alipowapandikiza katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Ila mito ile inashuka kwa kasi na povu, na adabu za Stockbridge zilihitaji maji ya polepole yanayomruhusu mvuvi kuchagua samaki.

Aliyeitikisa sheria ya Halford alikuwa wakili, G. E. M. Skues, mvuvi wa Itchen. Alipasua matumbo ya trauti, akakuta humo matunutu kwa wingi, walioliwa chini ya maji kabla hawajafika juu. Mwaka uleule wa 1910 akatoa kitabu chake, akiuliza kwa upole kwa nini samaki anayekula chini atupiwe nzi wa juu. Halford alifariki 1914 lakini wafuasi hawakulegea: Februari 1938, Skues akikaribia miaka 80, Flyfishers' Club ya London iliitisha mjadala kuhusu nzi wa kuzama anayeiga tunutu, na mwaka huohuo mzee aliacha kuvua mahali pake pa miaka mingi. Ushahidi wa matumbo ulikuwa wake. Wafuasi wa Halford walikuwa wakitetea jambo jingine, yaani kwamba mvuvi akubali kujinyima. Baadaye mito mingi ya chaki ikapatana katikati: nzi wa tunutu huruhusiwa kuanzia Julai, mdudu wa Mei akishakwisha, kwa kutupwa kuelekea yanakotoka maji, na kwa samaki aliyeonekana tu.