Pansioni si karti ya hopitali

Kila mwisho wa mwezi, kwenye meza ya sindika, ulizo moja linarudi. Linatoka kwa watu wa miaka 57, 58, 59, wenye wameanza kuhesabu siku: "Delege, nikiingia pansioni, mimi na mama tutaenda ku hopitali na karti gani?" Jibu ni baya, lakini afazali mulisikie leo. Karti yenye uko nayo sasa, utairudisha. Na hakuna ingine yenye inakungoja kwenye mulango.

Tuanze na sheria, juu watu wengi wanazani matunzo ya hopitali ni zawadi ya wakubwa wa kazi. Hapana. Sheria ya Kazi (Code du travail) ya tarehe 16 oktoba 2002, kwenye artikle 178, inalazimisha patroni kumutunza mutumikaji na familia yake: munganga, dawa, kupasuliwa, kulazwa, pamoja na safari ya kufika ku hopitali. Hata kontra ikisimamishwa juu ya ugonjwa, lazima hiyo inabaki. Lakini sheria inasema pia mupaka wake: ni kwa muda wote wa kontra. Matunzo yanafuata kontra, hayafuati mutu. Siku kontra inaisha, hata kama umetumika miaka 30 chini ya udongo, lazima ya patroni inaisha nayo.

Hapo wengi wananijibu: "Lakini banatukata CNSS kila mwezi!" Ni kweli wanakukata. Tuangalie pamoja hiyo feza inaenda wapi.

Tuseme mushahara wenye unahesabiwa ni 1.000.000 franka. Kwako wanatosha 5 kwa mia, ni 50.000. Patroni anaongeza 13 kwa mia kutoka kwake, ni 130.000. Jumla 180.000 zinaingia ku CNSS. Kati ya hizo, 100.000 ni za pansioni: nusu yako, nusu ya patroni. 65.000 ni za posho ya watoto. 15.000 ni za hatari za kazi, maana yake ajali na magonjwa yenye kazi yenyewe ililetea mutu. Sasa tafuta mule feza ya malaria, ya tansio, ya sukari, ya macho. Haiko. Hakuna hata franka moja. CNSS inalipa pansioni, haikuwa asiransi ya ugonjwa wa kila siku, na hakuna mahali sheria ya sécurité sociale ya 2016 ilisema itakuwa hivyo.

Wazee wetu wanashindwa kuamini, na ninawaelewa. Wao walikomalia ndani ya Union Minière, kisha Gécamines. Mutoto anazaliwa mu maternité ya kampuni, anasoma mu masomo ya kampuni, anakula unga wa kampuni, akigonjwa anaenda ku dispensaire ya kampuni. Walikuwa wanasema kampuni njo baba, njo mama. Kisha mwaka 2003 ikafika ile operesheni ya kutoka kwa mapenzi, zaidi ya watu elfu kumi wakaachana na Gécamines na bahasha mu mukono. Watu walihesabu feza yenye ilikuwa ndani ya bahasha. Wachache sana walihesabu ile yenye haikuwa ndani: miaka yote ya hopitali yenye walikuwa wanapata bila kufungua mufuko. Kampuni za leo hazisemi tena kwamba ni baba na mama, lakini sisi tungali na akili ya zamani.

Na serikali je? Ndiyo, iko na mupango wa afya kwa wote, ule wanaita Couverture santé universelle, ao CSU. Unasikika sana mu radio. Mulango wa kwanza wenye ulifunguliwa, tangu septemba 2023 kule Kinshasa kisha mu provinsi zingine, ni wa mama mwenye mimba na mutoto muchanga: kupimwa mimba, kuzaa, hata kuzaa kwa kupasuliwa, na kumutunza mutoto siku zake za kwanza. Ni kitu kizuri, binti zetu wakipate. Lakini muzee wa miaka 65 mwenye tansio hakutajwa mu ule mulango. Mutu akikuambia kwamba ukifikisha miaka 60 unatunzwa bule juu ya CSU, mwambie akuonyeshe karatasi.

Kuna ugonjwa mumoja wenye dawa yake ni ya bule kwa kila mutu, mutoto ao muzee: tuberkulozi. Kupima makohozi na dawa za miezi yote, serikali na wenye kuisaidia wanalipa. Ninataja hiyo juu mapafu ya mutu wa mine ni mapafu yenye kuchoka, na kikohozi cha wiki mbili si cha kununulia siro mu farmasi ya kartie.

Mapafu yananileta kwenye jambo lenye ninaona tunapoteza zaidi. Vumbi la majiwe linaingia mu kifua na kukaa. Linaweza kunyamaza miaka mingi, halafu pumzi inaanza kukatika mutu akiwa tayari nyumbani, karti alisharudisha. Ule ugonjwa, silikozi, ni ugonjwa wa kazi. Na ugonjwa wa kazi, tofauti na malaria, uko na feza yake ku CNSS: zile 15.000 za hesabu yetu. Matunzo yake yanaweza kulipwa hata kisha kontra. Lakini lazima ionekane kwamba ulitoka kule ndani nao. Kwa hiyo mbele ya kusaini mwisho wa kontra, omba munganga wa kazi akupime, apige picha ya kifua, na wewe ubaki na kopi. Si kesho kisha kutoka. Mbele ya kutoka. Ukiwa na alama ya ajali ya zamani, muguu ao mukono, kopi ya deklarasyo yake pia. Watu wanaona aibu kuomba karatasi, wanaogopa chef atasema "huyu anatafuta maneno." Aseme.

Pansioni yenyewe iko na masharti matatu: kufikisha miaka 60, kuwa na miezi 180 yenye ililipiwa, ni kusema miaka 15, na kuacha kazi ya mushahara. Mwenye kukosa miezi anapewa feza mara moja tu, basi. Hapo vijana wa sous-traitance munisikilize vizuri. Kukatwa kwenye buletini ya mushahara si kusema feza ilifika. Kuna mutu alitumikia kampuni ine tofauti mu miaka 19, mbili kati yao hazikumuandikisha hata siku moja. Alienda ku CNSS na miaka 59, wakati mmoja ya zile kampuni ilikuwa tayari imefunga mulango na wakubwa wake hawaonekane. Nenda kuangalia miezi yako ukiwa na 45, wakati bado kuna mutu wa kudai. Mwenzetu creuseur, yeye, hana patroni wa kumukatia. Akitaka kitu cha uzee, ajiandikishe mwenyewe.

Sasa, wa kutunza muzee ni nani? Wengi wanategemea mutoto mwenye naye anatumika mu mine. "Petit ataniweka mu listi yake." Mara nyingi kampuni inakubali muke na watoto tu, baba na mama wanabaki inje. Ulizeni bureau ya watumikaji, musikae na matumaini.

Njia ingine ni mutuelle de santé. Kuna sheria yake tangu februari 2017, na mutuelle ya kweli iko na ruhusa ya serikali na statuts zenye unaweza kusoma. Unalipa kila mwezi, ukigonjwa inalipa sehemu kubwa, wewe unamaliza sehemu ndogo ku kesi ya hopitali. Mimi ninaipenda, lakini ulizeni mbele ya kutoa feza. Inapokea mutu wa miaka ngapi? Dawa za tansio na sukari zenye mutu anakunywa kila siku zimo, ao inalipa paka kulazwa? Miezi ngapi unalipa mbele ya kuanza kutunzwa? Hopitali gani? Muzee mwenye kuingia na 50, akiwa bado na mushahara, anapata mulango wazi kuliko mwenye kufika na 66 amekamata fimbo.

Na sindika, tusijifiche nyuma ya sheria. Sheria ya Kazi inaweka kipimo cha chini. Konvansyo kolektive inaweza kutoa zaidi. Tunaomba pirimi, tunaomba unga, tunaomba bisi. Miaka mingi sijaona cahier de charges yenye kuandika hopitali ya mwenye kuingia pansioni kati ya maulizo matatu ya kwanza. Hata miezi 12 ya matunzo kisha kontra, hata patroni kulipa mutuelle mwaka wa kwanza, hiyo ni kitu cha kuzungumuza, na haitavunja kampuni yenye kutosha cobalt kila siku.

Nimalize na bamama. Mutumikaji akifa, muke wake anaweza kupata pansioni ya mujane ku CNSS. Lakini CNSS haijui mahari ulilipa wala sherehe ya kanisa. Inaomba akte ya ndoa ya État civil. Wengi kati yetu hatuna. Commune inafungua asubui. Kisha wekeni pamoja mu sashe moja: akte ya ndoa, akte za watoto, namba ya CNSS, buletini za mushahara, karatasi ya mwisho wa kazi yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka, picha ya kifua. Na mama ajue sashe iko wapi.