Kalenda Moja ya Parokia Katika Mji Wenye Saa Mbili

Parokia zetu zimezoea kubandika ratiba ya Misa na mafundisho kwenye ubao wa matangazo, kisha kila kiongozi hunakili kinachomhusu. Paroko akiahirisha Misa ya kigango, nakala zote hubaki na tarehe ya zamani. Kalenda ya pamoja huondoa tabu hiyo: ratiba hukaa mahali pamoja, kwenye seva, na simu ya kila kiongozi huichota na kurudisha mabadiliko. Utaratibu unaoziwezesha programu za watengenezaji mbalimbali kuelewana huitwa CalDAV, uliotangazwa mwaka 2007; kitabu cha anwani kina wake, CardDAV, wa mwaka 2011.

Kwetu Tunduma upo mtego ambao wenzetu wa Vwawa hawaujui. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu ikidaka mnara wa Nakonde huweza kujihesabu kuwa imevuka mpaka. Katekista akiandika humo Misa ya saa 1:00 asubuhi (kwenye simu ni 07:00, maana programu nyingi hazihesabu saa kwa Kiswahili), kalenda huipokea kwa majira ya Zambia, na viongozi wenzake huisoma kuwa ni saa 2:00. Watakaoifuata watakuta baraka ya mwisho imekwisha kutolewa.

Kwa hiyo kila tukio liandikwe kwa majira ya Dar es Salaam, yakichaguliwa waziwazi ndani ya tukio lenyewe, au simu izuiwe kujibadilishia majira. Sikukuu ziingizwe kama tukio la siku nzima, bila saa.

Kitabu cha anwani kinataka uangalifu zaidi. Namba za wagonjwa wanaopelekewa Komunyo nyumbani si za kila mjumbe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai kuzilinda. Twaona inatosha watu wawili waruhusiwe kuandika, na wengine wasome yale tu yanayohusu utume wao. Kiongozi akimaliza muda wake, ruhusa yake ifutwe kwenye seva siku hiyohiyo. Hata hivyo, nakala iliyokwisha kushuka huweza kubaki kwenye simu. Aombwe aifute mbele ya katibu wa parokia.