Ntiro na mlima wenye watu

Gongo la Mboto huwezi kumaliza mtaa bila kuuona Mlima Kilimanjaro. Umo ukutani mwa baa, umo kwa kinyozi, umo hata ubavuni mwa bajaji: theluji juu, mgunga mmoja, twiga chini yake. Mtu hayumo. Mgomba pia haumo, na mlima wenyewe umejaa migomba. Siwalaumu mafundi wetu wa rangi. Mteja anataka twiga, anapewa twiga.

Yupo aliyeuchora mlima huo na wenyewe ndani yake: Sam Joseph Ntiro, mzaliwa wa Machame, 1923. Taja Tingatinga kijiweni, kila mtu ana la kusema. Taja Ntiro, utaulizwa anachezea timu gani.

Ntiro alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha uchoraji nyumbani kwake Kampala katika miaka ya 1930. Mama huyo alipenda kuwasimulia wanafunzi tukio, kisha kila mmoja achore alichokiona kichwani. Kichwani mwa Ntiro palikuwa Uchaggani: migomba imejipanga safu kwa safu, kijani juu ya kijani, na katikati yake watu wadogo wanavuna, wanajenga, wanabeba mizigo. Sura zao hazisemi mengi. Unawajua kwa kazi wanayofanya.

Mwaka 1952 akaenda London, chuo cha Slade, akakaa hadi 1955. Alirudi na migomba ileile. Wapo waliouona mkono wake kuwa wa kitoto. Kwangu mimi, mtu aliyekaa na kanuni za Ulaya miaka yote hiyo, kisha akaendelea kupanga shamba lake alivyotaka, alijua vizuri anachokataa.

Akiwa bado masomoni, 1953, kilitoka kitabu chake cha Kiswahili, *Desturi za Wachagga*. Jicho ni lilelile la picha: nani anampelekea nani nini, na lini. Mwaka 1956 akachora wanaume wakipeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku. Turubai lenyewe ni dogo, kama sentimita 41 kwa 51, lakini Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalilichukua mwaka 1960.

Baada ya uhuru akapelekwa London kuwa balozi. Mkewe, Sarah, Mganda, alikuwa tayari na shahada ya Oxford tangu 1954. Nyumba hiyo ingestahili makala yake peke yake. Baadaye Ntiro alisimamia mambo ya utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki 1993.

Nadhani vyeo vilimfunika. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, aliacha vijana walioshika mtindo wake na kuuza picha kwa watalii, na biashara hiyo ndiyo iliyolibeba jina lake. Ntiro alikuwa mtu wa ofisi na darasa. Tena mtalii aliyekuja kutafuta simba atanunuaje picha ya wakulima wakivuna kahawa?